Bakteria Aliyefunga Bucha Yangu

Nadhani mimi ni mtu pekee katika tarafa yetu aliyewahi kugombana na bakteria na kushindwa. Wengine waligombana nao wakaugua, wakapona au wakazikwa, na habari ikaishia hapo. Mimi sikuugua hata kidogo. Nilipoteza bucha, nikapoteza heshima ya kaka yangu, na kidogo nipoteze binti, yote kwa sababu ya kiumbe kisichoonekana kwa macho na ambacho, kwa maelezo ya huyo binti mwenyewe, hakijawahi kumdhuru binadamu yeyote.

Nianze na bucha, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kufa.

Nilikuwa karani katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi. Kisha likaja soko huria. Tuliambiwa kila Mtanzania sasa yuko huru kufanya biashara, na ili tuwe huru vizuri zaidi, tukapunguzwa kazini. Nikapewa kiinua mgongo, na kweli mgongo uliinuka kwa miezi kadhaa. Wenzangu wengi walinunua mashine za kusaga, wakazipanga kwenye barabara moja, wakakaa kusubiri mahindi. Mimi niliyefika kidato cha nne nikawacheka, nikaenda kufungua bucha Kwa Sadala, mahali palipokuwa na bucha za kutosha tangu zamani, nikiamini watu wa pale walikuwa wakila nyama kwa shingo upande huku wakinisubiri.

Niliiwekea vigae vyeupe hadi kifuani na rangi nyekundu juu yake. Fundi mmoja Singasinga mwenye karakana mjini alinitengenezea ndoano na nyavu za dirisha, akanishauri nisinunue friji kuukuu niliyokuwa nimeipenda dukani kwa jirani yake, kwa sababu mota yake ilikuwa imekwisha. Nilijua ananionea wivu. Niliinunua. Mota ilikuwa imekwisha.

Hata hivyo biashara ilikwenda. Siku za soko watu walishuka kutoka milimani na kupanda kutoka tambarare, wakaniita meku, jina ambalo kwetu huku ni la mzee mwenye heshima zake, na mimi nikawakatia nyama na kuwapa maoni yangu juu ya serikali bila kuwatoza chochote.

Sasa binti. Alikuwa mtoto wetu wa pili, na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Alifaulu sayansi mpaka akapata ufadhili wa kwenda kusoma nje. Alitueleza waziwazi, sebuleni kwetu, mimi na mama yake tukiwa tumekaa, kwamba anakwenda kusomea viumbe vidogo sana. Jumapili iliyofuata, kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa, pale ambapo mayai na ndizi za waumini hunadiwa baada ya ibada, nilinunua mkungu mmoja kwa bei ya kujionyesha, na nilipoulizwa furaha hiyo ni ya nini, nikasema binti yangu anakwenda kusomea udaktari. Sikuona kama ni uongo. Kwangu mimi, mtu yeyote anayenawa mikono kabla ya kuanza kazi alikuwa daktari.

Ndiyo maana aliporudi kututembelea Desemba moja, miaka ya tisini ikielekea kwisha, mambo yalianza vibaya kabla hata hajafungua begi. Desemba kwetu kila mtu anarudi. Mlima unajaa magari ya Dar es Salaam, na wenyewe hutembea kwenye migomba wamevaa miwani ya jua. Binti yetu alikuja na suruali ya kawaida na bomba refu la karatasi ngumu mkononi. Jirani yetu, bibi mmoja ambaye amekuwa mgonjwa tangu nimfahamu, alikuwa ameshakaa kwenye kibao ukumbini tangu asubuhi, akimsubiri.

"Daktari," alisema, akapandisha gauni, "goti langu hili."

"Shikamoo bibi. Mimi siyo daktari wa watu, bibi."

"Ni wa ng'ombe?"

"Hapana. Nashughulika na wadudu wadogo wadogo. Bakteria."

Bibi alishusha gauni taratibu, akanitazama mimi, si yeye. "Kumbe wadudu wana daktari," alisema. "Na sisi zahanati hatuna."

Nilicheka na wengine. Moyoni nilikuwa nahesabu watu waliokuwepo kwenye ule mnada.

Nilidhani kwenye bomba kuna zawadi yangu, labda kalenda yenye picha za treni. Zawadi yangu ilikuwemo kweli. Aliikunjua mezani, tukaibana pembe kwa vikombe vya chai: miduara ndani ya miduara, yenye vistari vya rangi vilivyobanana kama meno ya kitana. Kaka yangu mkubwa, ambaye kihamba chake, shamba la migomba la urithi, kinapakana na changu na ambaye hupitia kwetu kila mbege, ile pombe yetu ya ndizi, inapoiva kwake na kila isipoiva, aliinama akaichungulia.

"Hii ni sahani?"

"Ni ramani, baba mkubwa."

"Ramani ya wapi?"

"Ya bakteria. Yaani mpangilio wa vinasaba vyake vyote, kila kimoja mahali pake. Bado haijakamilika."

"Na huyo mwenye mji, kafanya nini mpaka achorewe ramani? Mimi naomba mpima ardhi tangu enzi za vijiji vya ujamaa."

Binti akatueleza. Huyo bakteria, alisema, alipatikana zamani huko nje kwenye makopo ya nyama. Wataalamu walikuwa wamezipiga zile nyama mionzi, wakiamini kila kilicho hai ndani yake kimekufa, ili zikae bila kuoza. Kopo moja likaoza. Walipochunguza wakamkuta yeye, mwekundu wa kupauka, mzima wa afya. Mionzi inayoweza kuua kijiji chote yeye anaichukulia kama mvua ya rasharasha. Si kwamba haimuumizi. Vinasaba vyake vinakatikakatika vipande vipande. Lakini anavikusanya, anaviunga tena kwa mpangilio uleule, na baada ya muda si mrefu anaendelea na shughuli zake.

"Anajuaje kipi kinafuata kipi?" aliuliza mama yake. Katika nyumba ile mama yake ndiye aliyeuliza swali la maana, mimi nikiwa nimeshughulika kukunja uso.

"Ndiyo tunayotafuta, mama. Anatunza nakala zaidi ya moja. Na sisi kuichora ramani tunafanya karibu hivyohivyo." Akamgeukia kaka yangu, kwa sababu alijua pa kupata hadhira. "Baba mkubwa, chukua mbuzi watatu wanaofanana kabisa. Wa kwanza mkate hapa na hapa. Wa pili mkate kwingine, wa tatu kwingine tena. Changanya vipande vyote kwenye karai moja. Sasa mlete mtu ambaye hajawahi kumwona mbuzi, mwambie amuunde. Ataanzaje?"

"Ataanza kwa kula."

"Akishashiba."

"Basi alale."

"Akiamka," alisema binti yangu, na watu wote walikuwa wanacheka, "atatafuta kipande chenye shingo na bega. Kisha atatafuta kipande cha mbuzi mwingine chenye bega na mbavu. Bega likilingana na bega, ameshajua: shingo, bega, mbavu. Anaendelea hivyo mpaka mkiani. Sisi tunavunja vinasaba vipande vidogo sana, tunavisoma, halafu kompyuta inatafuta ncha zinazolingana. Bakteria anafanya hayohayo, ila yeye hana kompyuta wala mshahara."

"Na wewe kazi yako ni ipi humo?" niliuliza. Lilikuwa neno langu la kwanza.

"Mapengo, baba. Kompyuta ikimaliza kuunga yanabaki mapengo, mahali ambapo vipande havishikani. Mimi nimepewa mapengo."

"Tumekusomesha mpaka ng'ambo," nilisema, "ukapewa mapengo."

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimemwelewa. Mtu aliyegawa mbuzi wa ukoo miaka yote ile hawezi kushindwa kumwelewa mbuzi. Nilielewa mfano, nikaona ni mzuri, nikaona jinsi uso wake ulivyong'aa alipokuwa akiusema, nikachagua kukasirika. Kipaji cha namna hiyo hakifundishwi shuleni.

Kaka yangu alitoka pale akaenda kunywa mbege, na kwenye mbege habari haikai ilivyo. Siku ya soko iliyofuata nilifungua bucha, nikatundika nyama, nikanoa kisu. Watu wakapita. Walinisalimia vizuri sana. Mteja wangu wa siku zote, fundi baiskeli, alisimama mbali kidogo na dirisha.

"Meku, leo nadhani nitakula maharage."

"Maharage na nini?"

"Na maharage." Akasogea hatua moja. "Ni kweli binti yako kakuta mdudu kwenye nyama? Wanasema hafi hata umchemshe siku nzima. Hata umpige umeme."

"Huyo mdudu yuko kwenye makopo ya Wazungu."

"Sasa mbona kaja kupima huku?"

Saa nne ikafika, upande wa pili wa barabara mwenzangu mwenye bucha akawa na foleni. Alikuwa ameandika ubaoni kwa chaki: NYAMA ISIYO NA RAMANI. Ng'ombe mzima alikuwa ananing'inia mbele yangu, friji yangu ikinitazama kwa ile mota yake. Jioni nilirudi nyumbani na paja moja begani nikiwa sitaki kusalimiwa.

Binti aliposikia, alijilaumu. Hakuwa na sababu ya kujilaumu, lakini nilimwacha ajilaumu, nikaona inampendeza. "Nitakuja mwenyewe kuwaeleza," alisema. Na mimi, badala ya kumwambia hapana, nikafurahi. Nilisema moyoni: hatimaye elimu itauza nyama.

Alikuja. Alipanda juu ya kreti la soda mbele ya bucha, na watu walijaa kweli, maana hakuna kinachopendwa sokoni kama mwanamke aliyevaa suruali akihutubia. Alisema vizuri mwanzo. Alisema huyo bakteria hana madhara, hasababishi ugonjwa wowote unaojulikana, na nyama ikipikwa ikaiva hakuna haja ya hofu. Vichwa vikaitikia. Fundi baiskeli akaanza hata kutoa noti mfukoni.

Kisha mama mmoja mwenye tenga la nyanya akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, unatuhakikishia kwamba kwenye nyama hii ya baba yako huyo mdudu hayumo?"

Mtu mwingine yeyote angesema hayumo. Mimi ningeapa kwa jina la babu yangu kwamba hayumo. Binti yangu alifikiri. Nilimwona akifikiri, nikajua nimekwisha.

"Siwezi kuhakikisha," alisema. "Viumbe wa namna hii wanaweza kuwa popote. Kwenye udongo, kwenye vumbi hili tunalokanyaga. Hata kwenye nyama hii inawezekana wamo. Lakini kama nilivyosema..."

Alivyosema hakuna aliyesikia. Noti ilirudi mfukoni. Kwa haki, sharti niseme kwamba alisema kweli tupu, na kwamba ndiye mtu pekee aliyesema kweli Kwa Sadala siku ile; mimi mwenyewe simo, niliyekuwa nimewaambia wateja kwamba ng'ombe yule alichinjwa asubuhi.

Bucha haikufungwa siku hiyo. Ilijikokota mpaka baada ya mwaka mpya, lakini mimi niliifunga moyoni palepale, na funguo nikamkabidhi yeye.

Hapo ndipo tunafika kwenye mbuzi. Kwetu mwisho wa mwaka ukoo unachinja, na mbuzi hagawanywi kwa mzani. Kila kipande kina mwenyewe. Katika ukoo wetu kidari ni cha mkubwa wa boma, shingo ni ya wajomba, na watoto wa nyumba, hata wakiwa na mvi, hula utumbo na mbavu palepale penye majani ya migomba, wamechuchumaa, kwa mikono, wakinyang'anyana. Mgeni hupewa paja. Linapikwa vizuri, linawekwa kwenye sahani ya udongo ile yenye maua, linapelekwa sebuleni na uma na kisu. Paja ndiyo nyama bora kuliko zote. Ndiyo maana ukimpa mtoto wako ni tusi lisilo na mfano: hana hata pa kulalamikia.

Mimi nilikuwa mgawaji. Kaka alishapata chake, wajomba chao, watoto walikuwa wamezunguka majani wakigombania utumbo. Binti yangu alikuwa amechuchumaa nao, mikono tayari, anamsukuma mdogo wake kwa bega kama zamani. Nilikata kipande cha paja, nikampa mke wangu, nikamwambia akakipike na kukipeleka sebuleni.

"Kuna mgeni?" aliuliza.

"Yupo," nikamwonyesha kwa ncha ya kisu.

Mke wangu alisimama na ile nyama mkononi muda mrefu. Binti yangu alinyanyuka, akapangusa magoti.

"Baba. Hiyo ni nyama ya mgeni."

"Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," nilijibu. "Wewe umekuja. Mimi bado nasubiri kupona."

Wajomba wawili walicheka, kisha wakaona hawachekei kitu. Yeye hakulia. Alikwenda akanawa mikono, akakaa sebuleni peke yake chini ya saa ya ukutani, akasubiri mpaka ikaiva, akala kipande chote kwa uma na kisu, mgongo umenyooka. Alipomaliza alilaza uma na kisu sambamba, akatoka uani, akatushukuru wote kwa ukarimu. Asubuhi ya pili alisafiri.

"Umempa paja," mke wangu aliniambia. Hakuongeza kitu, wala siku zilizofuata hakuongeza. Ni mwanamke asiyependa kupoteza maneno pale ambapo mawili yanatosha.

Ningesema nilijuta siku ileile, lakini nimeapa kuandika ukweli. Nilijiona nimeshinda. Nilikaa na ushindi huo miaka kadhaa, na ulikuwa mkubwa kama nyumba isiyo na watu. Simu za mkononi zilipofika akawa anampigia mama yake, na mara nyingine mama yake alinisukumizia simu sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wenyeji hamjambo?"

Wenyeji. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo, na hakuwahi kukosa adabu hata nukta moja. Kisha akarudi nchini, akapata kazi ya kufundisha chuo mbali na huku, na Desemba zikaanza kumleta Moshi. Alipanga chumba kwenye gesti moja ya Majengo, nyuma ya barabara ya mafundi cherehani. Mchana alipanda kutusalimia. Alisimama nje ya mlango wa nyumba aliyozaliwa akapiga hodi. Mtoto wa nyumba hapigi hodi, anaingia akisema ana njaa. Yeye alipiga hodi, akangoja akaribishwe, akaingia na sukari na sabuni na khanga kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kochi, akanywa chai, na kabla jua halijafika kwenye migomba ya kaka alikuwa ameshaaga. Nilikuwa nimempa cheo cha ugeni, naye alikuwa akikitumikia kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kitu.

Ile ramani mke wangu aliitundika ukutani sebuleni tangu mwaka ule, kati ya picha ya harusi yetu na kalenda ya kanisa. Nilimkataza, ikabaki. Ukikaa mbele ya kitu miaka mingi huku huna bucha ya kwenda, utakizoea. Nilianza kuiangalia. Siku moja mke wangu alikata simu akasema, "Anasema ramani imekamilika. Wameichapisha huko. Jina lake limo, katikati ya majina mengi." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akaongeza, "Mapengo yameisha, anasema." Nilisema vizuri. Nilikwenda kuikagua yangu ukutani, ile yenye mapengo, nikayatafuta kwa kidole. Nilipata machache. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

Tangu hapo nikageuka mtaalamu. Mgeni yeyote aliyekaa kwenye kochi langu alipewa chai na mbuzi watatu. Shingo, bega, mbavu. Nilieleza mionzi, nikaeleza makopo, nikaeleza jinsi mdudu anavyojiunga. Nilieleza kwa madaha, nikachukua hata ule mzaha wa mshahara nikauita wangu. Desemba moja alikuja mwinjilisti wetu mpya kutoka Kibosho, kijana mpole, akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Mungu ni mkubwa," alisema. "Na huyu binti aliyefanya kazi hii, mzee, siku hizi yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu alikuwa anamimina chai.

"Yuko gesti," alisema, akaendelea kumimina.

Mwinjilisti alidhani hajasikia vizuri. Wahubiri wanapenda mifano, na nadhani angeweza kupata mmoja mzuri pale, wa vipande na kuunganishwa, lakini mimi sikutaka mfano. Nilitaka kutoka mle ndani. Nilitoka.

Kwetu anayeomba msamaha huchukua isale, yule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusikiliza, hata kama umetukanwa mbele ya ukoo mzima. Ila isale hupanda. Linatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Kaka yangu alinikuta mpakani nimeshika jani la upande wake, panga mkononi.

"Unalipeleka wapi?"

Nilimwambia.

"Mzazi hampelekei mtoto isale. Utapindua dunia."

"Kaka, siku hizi unang'oa kahawa ya baba ili upande nyanya. Dunia gani unayoizungumzia?"

"Basi kata upande wako."

"Upande wangu yamekauka," nilisema, na nikakata la kwake. Haikuwa kweli kwamba yamekauka. Yale ya kwake yalikuwa mazuri zaidi. Tangu siku ile kaka yangu ananisalimia kama mtu anayesalimia nguzo ya simu.

Nililifunga kwenye gazeti nikashuka mjini. Dada wa mapokezi pale Majengo aliniuliza kama hiyo ni dawa, akasema wateja wengine hawapendi harufu. Nikamwambia halina harufu. Aliniacha nikae kwenye benchi la ukumbini, karibu na tangazo linalokataza kufua vyumbani. Binti yangu alitoka na taulo begani, akanikuta, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Macho yake yalikuwa kwenye gazeti. Jani lilikuwa limejitokeza nje, refu kuliko gazeti lenyewe.

"Hilo ni isale."

"Ndilo."

"La wapi?"

"La baba yako mkubwa. Sijamwomba."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Baba, mzazi hampi mtoto isale."

"Nimeshaambiwa leo."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yalikuwa mazuri, yalikuwa na wahenga ndani yake. Nilipofungua gazeti yakawa hayapo, na nikaona ni afadhali, maana wahenga nilishawatumia mara moja. Nikasema, "Lile paja lilikuwa kosa langu. Halikuwa la bakteria."

Dada wa mapokezi aliacha kuandika.

"Bakteria hana kosa lolote," alisema binti yangu. "Niliwaambia nikiwa juu ya kreti, hamkusikia." Akanyoosha mikono miwili, akalipokea jani, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, hajui alishike wapi.

"Twende nyumbani," nilisema.

"Nimeshalipa mpaka kesho."

Alikuwa binti yangu kweli. Nikaenda zangu peke yangu, nikamwambia mke wangu kwamba hakukubali wala hakukataa, ila amelipa mpaka kesho. Mke wangu akaanza kumenya ndizi.

Alikuja kesho yake na begi. Tulimsikia kwenye migomba, tukamsikia akifika mlangoni, na mimi nikashika mikono ya kiti nikisubiri ile hodi. Hakupiga. Alisukuma mlango kwa begi, akapita sebuleni moja kwa moja, akaenda jikoni, tukamsikia akifunua sufuria.

Sikuchinja. Sikuwa na imani na mkono wangu. Tulikula ndizi, sote jikoni, na hakuna aliyetaja nyama, wala bucha, wala ramani iliyokuwa ikitutazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Siku ya kwanza alisaidia kuosha vyombo, nikajiambia hata wageni wengine huosha vyombo. Siku ya pili alikwenda kumsalimia yule bibi wa goti, akarudi akisema goti bado. Nikaendelea kumchunguza kama yeye alivyozoea kuchunguza wadudu wake, na sikupata jibu.

Asubuhi ya tatu nilikuwa uani nanywa chai. Alitoka na mabuti ya mama yake, nywele amefunga kitambaa.

"Baba, wahenga si walisema mgeni siku mbili?"

Nilijua methali inavyoendelea. Kila mtu anajua.

"Jembe liko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, mahali ambapo limekuwa tangu hajazaliwa, na alilijua. Nilinyanyuka nikalichukua mwenyewe, nikamkabidhi, nikamwambia mpini umelegea kidogo, awe mwangalifu. Akashuka nalo kwenye maharage.

Alipalilia vibaya sana, kama mtu aliyesoma kupita kiasi. Alikata miche mizima na kuacha magugu, na mstari wake ulipinda kama barabara ya Kibosho. Nilisimama ukingoni nikimtazama akiharibu maharage yangu mpaka jua likapanda. Nilikuwa na la kusema, tena la kuchekesha. Nilinyamaza nalo.